Mistari Miwili ya Saa Tatu na Dakika Tano

Karatasi ile ilikuwa wazo langu. Nalisema mapema ili nisije nikajificha nyuma ya watu wa mradi. Wao walitaka programu tu, ya kuandika wagonjwa na wafanyakazi wa vituo viwili vya afya. Mimi ndiye niliyeshauri kwamba kila juma tuchape orodha na kuibandika ukutani, wanakijiji wajionee nani alifika kazini na saa ngapi. Nilikuwa nimechoshwa na malalamiko kwamba wauguzi hawaonekani. Nikawaambia wakubwa wa mradi, nikiwa nimesimama kabisa kama mhubiri, kwamba mtu anaweza kusema uongo lakini mashini haidanganyi. Sentensi hiyo ilipendwa. Ilisafiri hadi kijijini kabla ya programu yenyewe kufika.

Nilizaliwa karibu na Kasongo, kwa wakulima wa mpunga na mihogo. Kuandika programu za wavuti nilijifunza Kindu, kisha nikaendelea peke yangu katika chumba kimoja nyuma ya soko la Kasongo, chenye bamba la sola juu ya bati. Nina hasira za karibu na majivuno ya mtu aliyejifunza kwa shida. Nikiambiwa kuna kosa katika kazi yangu, kwanza nabisha, halafu ndipo naangalia.

Vituo vyenyewe viko Kabambare, nje kidogo ya Wamaza. Majina yake siyataji. Kimoja nitakiita cha juu na kingine cha ng'ambo, kwa kuwa kati yao kuna mto mdogo na mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtu mwenye nguvu. Kila kituo kilikuwa na simu moja. Mfanyakazi akifika anaingiza namba yake, simu inaandika saa. Akimhudumia mgonjwa, simu inaandika saa. Mtandao huko hakuna, kwa hiyo simu zilihifadhi mistari yake mpaka Jumamosi, mwenye pikipiki azipeleke kwenye kilima kinachopata mtandao, na mistari yote inishukie Kasongo kwa pamoja.

Mmoja wa wafanyakazi hao alikuwa mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Alikuwa reko, ndivyo tunavyomwita mtu wa kijiji aliyefundishwa kupima homa, kutoa dawa na kupeleka wagonjwa kituoni. Kazi hiyo hakuipata kwangu, kijiji kilimchagua miaka mingi kabla ya simu. Alikuwa amezika mume na watoto watatu, na bado alitembea wima na kuimba shambani. Kwetu, mwanamke aliyezika wengi hivyo na bado anaimba, watu huuliza maswali juu yake akiwa hayupo. Nilipokuwa mdogo, mara mbili tatu niliingia jikoni kwa bibi nikakuta mazungumzo yamekatika, na nilijua yalikuwa juu ya nani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Bibi alipenda kusema hivyo, kisha ananituma kuni.

Jumatatu moja mchana, mkuu wa mradi alinirushia picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya karatasi yangu, iliyobandikwa asubuhi hiyo katika kituo cha juu. Mtu alikuwa amezungushia wino mwekundu mistari miwili. Wa kwanza ulisema: namba ya mama mkubwa, kituo cha ng'ambo, amemhudumia mtoto wa miaka miwili mwenye homa kali, Jumatano, saa tatu na dakika tano asubuhi. Wa pili ulisema: namba ya mama mkubwa, kituo cha juu, amefika, Jumatano hiyo hiyo, saa tatu na dakika tano asubuhi. Mtoto yule alikufa kabla ya saa sita. Aliyepiga picha alikuwa baba mdogo wa mtoto huyo, mwalimu wa shule ya msingi, na chini ya picha aliandika: "Mutu mumoja, dakika ile ile, fasi mbili. Mutueleze."

Mtu mwingine wa kazi yangu angesema papo hapo kwamba kuna kosa kwenye saa. Mimi nilikumbuka jiko la bibi. Niliifunga ile picha, nikageukia kazi nyingine, orodha ya wanafunzi wa shule fulani ambayo haikuwa na haraka yoyote, na nikaifanya kwa bidii ya ajabu. Jumanne nayo ikapita vivyo hivyo. Mkuu wa mradi aliponiuliza, nilimwambia jua ni dogo na sola haijazi betri. Jua lilikuwa kali. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mama mkubwa. Nilisadiki kwamba alikuwa mahali pawili. Mimi, niliyejua programu ile mstari kwa mstari, nilisadiki.

Huko Wamaza siku hizo mbili hazikukaa bure. Mwalimu aliibandua karatasi akaizungusha nyumba kwa nyumba, na watu walioipokea hawakuhitaji kushawishiwa, kwa sababu iliwahi kusemwa mbele yao kwamba mashini haidanganyi. Wengine walianza kukumbuka mambo. Mtu alikumbuka kumwona sokoni siku aliyosikia yuko mgonjwa. Mwingine alikumbuka kuku wake waliokufa baada ya yeye kupita.

Jumatano asubuhi nilifungua mistari ya miezi mitatu ya kituo cha juu. Nilikuwa natafuta ushahidi zaidi dhidi ya mama mkubwa. Nalisema hili kwa aibu. Badala yake macho yangu yaliangukia namba ya mwuguzi wa kituo hicho. Kila siku, bila kukosa, alikuwa amefika kazini saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Namjua mwuguzi yule. Saa kumi na mbili anayoijua ni ile ya jioni. Mkuu wa mradi alikuwa hata amemwandikia barua ya pongezi kwa kuwahi kuamka, na barua hiyo ilining'inia nyuma ya meza yake. Nikaangalia kituo cha ng'ambo: wote wanafika saa moja na kitu, kama binadamu. Kituo cha juu kilikuwa kinaishi saa moja nyuma ya jirani yake.

Hapo ndipo nilipoona, na nikajipiga kofi la paja. Nchi yetu ni pana, ina saa za aina mbili. Kinshasa na magharibi wana yao, sisi wa mashariki tuna ya Lubumbashi. Ikiwa sisi ni saa sita mchana, Kinshasa ni saa tano. Simu ya ng'ambo nilikuwa nimeinunua mwenyewe Kasongo. Simu ya juu ililetwa na watu wa mradi kutoka Kinshasa, ikiwa imeshapangwa saa ya Kinshasa kwa mkono, isijigeuze yenyewe, na kwa kuwa ilikuwa haikai kwenye mtandao, haikuwa na wa kuirekebisha. Kila fundi wa wavuti hufundishwa siku za mwanzo kabisa: usiandike saa bila kuandika ni saa ya wapi. Iandike kwa saa moja ya dunia nzima, kisha mwonyeshe kila mtu kwa saa ya kwao. Mimi niliona ni usumbufu. Vituo viwili vinavyotenganishwa na mto wa kuvuka kwa gogo, niliwaza, vitakuwaje na saa tofauti? Nikaiambia programu ichukue saa inayoonekana usoni mwa simu, basi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa hiyo mama mkubwa hakuwa mahali pawili. Alikuwa ng'ambo saa tatu na dakika tano, akaona sindano za malaria kali zimekwisha, akatembea saa nzima, akafika juu saa nne na dakika tano. Simu ya Kinshasa ikaandika saa tatu na dakika tano. Alichukua sindano, akarudi mbio, akakuta mama wa mtoto ameshaanza kulia. Nilicheka peke yangu chumbani, kwa furaha kabisa, kisha nikafanya jambo ambalo sijajisamehe.

Sisi mafundi tuna ugonjwa. Tukiona kosa, mkono unakwenda kulirekebisha kabla kichwa hakijauliza. Kila siku adhuhuri mwuguzi hupanda kilimani kumpigia mke wake, na nikamdaka huko huko. Nilimwambia afungue mipangilio ya simu ya kituo, iliyokuwa mfukoni mwake, aondoe Kinshasa, aweke Lubumbashi, upesi. Akaguna, akafanya. Halafu nikaingia katika kumbukumbu za programu, nikaongeza saa moja kwenye kila mstari uliotoka katika simu ile. Halafu nikachapa orodha mpya. Ilikuwa safi, haina shaka hata moja. Alhamisi alfajiri nikaifunga kifuani ndani ya plastiki, nikawasha pikipiki.

Nilifika alasiri, matope mpaka magotini. Kwanza nilibandika orodha mpya katika kituo cha juu, kisha nikaenda kwa mama mkubwa. Njiani watu waliniitikia salamu lakini hawakuniuliza habari za Kasongo, na hilo halijawahi kunitokea. Uwanja wake ulikuwa haujafagiwa. Alikuwa ameketi ndani, mlango wazi, vitu vyake vya kazi, kipima joto na daftari, vimewekwa juu ya kitambaa.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilimweleza yote, saa ya Kinshasa, saa ya Lubumbashi, mwuguzi na barua yake. Alisikiliza akichambua maharage. Alisema siku tatu hakuna mwanamke aliyekuja kuomba moto kwake, na kisimani wanamwachia nafasi.

"Wananiachia nafasi kubwa sana, baba," akasema. "Hata mutungi nachota bila kungojea."

Nikamwambia kesho yatakwisha. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeshaona jinsi nitakavyofanya: nitaweka simu mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine, watu wote waone zinasema saa tofauti. Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Sikumbuki ni dakika ipi jioni ile nilipogundua, lakini nakumbuka sufuria ilikuwa bado motoni. Simu ya juu nilikuwa nimeamuru irekebishwe. Sasa zote mbili zilikuwa zinasema saa ileile.

Ijumaa asubuhi tulikutana katika darasa la shule. Shefu wa kijiji aliketi kwenye kiti cha mwalimu, na mwalimu, baba mdogo wa mtoto, alisimama kando yake. Hakuwa mtu mwovu. Macho yalikuwa yamevimba, na aliongea polepole kama anayesomesha. Nyuma waliketi kaka zake watatu. Mama mkubwa alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yake hayakuingia vizuri chini yake.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa mifano. Wengine wana ndugu Kinshasa na wanajua kwamba huko saa iko nyuma, nikaona vichwa viwili vitatu vinakubali. Mwalimu akaomba simu zote mbili. Ile ya ng'ambo ilikuwa imeletwa asubuhi. Akaziweka juu ya meza, kando kwa kando, kama nilivyokuwa nimepanga mimi, akamwita shefu aangalie.

"Zinasema nini, shefu?"

"Saa mbili na dakika makumi ine," akasema shefu. "Zote."

"Ilikuwa na saa ya Kinshasa mpaka juzi," nikasema. "Nilimwambia muganga wa kituo airekebishe. Mumuulize."

Mwuguzi alikuwa karibu na dirisha. Kama angekubali kwamba simu yake ilikuwa nyuma saa moja, basi alikuwa hajawahi kufika kazini saa kumi na mbili, na barua ile ya pongezi ilikuwa ya bure. Aliangalia nje.

"Nilibonyeza pale alisema nibonyeze," akajibu. "Kama saa ilibadilika, sikuangalia. Miye nafikaga kazini saa kumi na mbili. Imeandikwa."

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikafanya upumbavu wa pili. Nikachukua simu, nikafungua orodha ya saa za miji, nikachagua Kinshasa mbele ya macho yao, nikainua juu. Saa mbili ikawa saa moja. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliinuka, akahamia dawati la nyuma.

"Kumbe saa inageuka namna unataka," mwalimu akasema, bila kejeli. Akatoa mfukoni karatasi ya zamani, ile ya wino mwekundu, na ile mpya niliyobandika jana. "Hii ya kwanza inasema kituo cha juu alifika saa tatu. Hii ya pili inasema saa ine. Ni nani aliigeuza?"

"Ni mimi. Niliisahihisha."

"Na huyu mama iko nani yako?"

Wote walijua. Alitaka niseme.

"Ni mama yangu mukubwa."

Mama mkubwa aliomba kusema, shefu akamruhusu. Alisimama kwa shida kutoka kwenye lile dawati.

"Nilitembea," akasema. "Sindano iliisha ng'ambo, nikaenda kuitafuta juu. Kurudi nilikimbia. Nilianguka kwenye gogo, mama wa mutoto aliona damu ku mguu."

Mama wa mtoto hakuwepo. Wanawake wa ukoo walikuwa wamemfungia nyumbani kwa matanga. Mmoja wa wale kaka watatu alitoka nje, wa pili akamfuata, na darasa zima likageuza vichwa kuangalia mlango walimopitia. Sote tulikumbuka nyumba iliyoungua ng'ambo mwaka fulani, na aliyekuwa ndani yake. Hakuna aliyeitaja.

Shefu alikohoa. Alisema hakuna aliyemwita mtu yeyote mchawi, neno hilo halikutamkwa na lisiandikwe. Alisema tu kwamba yeye hana askari wa kulinda mlango wa mtu usiku na mchana. Kisha akaniangalia mimi, si mama mkubwa.

"Umupeleke kwenu Kasongo kwanza. Leo, jua ikiwa ingali juu. Mambo ikipoa, tutamuita."

Alikuwa ameishi pale tangu kuolewa. Makaburi yake manne yako pale, nyuma ya mihogo. Alifunga nguo katika kitenge kimoja, akachukua sufuria, akaiacha, akachukua kipima joto. Daftari la kazi alilipeleka mwenyewe kituoni na kuliweka mezani pa mwuguzi. Mwuguzi alikuwa amerudi kituoni, na huko nako alisimama dirishani. Nilisimama na pikipiki inanguruma, nikiwahesabu wanaume waliokuwa wamekaa ng'ambo ya njia, na kila nilipohesabu waliongezeka.

Hawakutugusa. Walitutazama mpaka tulipoingia kwenye miti.

Alinishika kiuno kwa mikono miwili, na kila shimo nililisikia kwenye mbavu zangu kwa jinsi alivyokaza. Nilikuwa naongea mimi. Nilimwambia nitaandika barua kwa mkuu wa mradi, nitamtafuta aliyeileta simu ile kutoka Kinshasa, nitapata ushahidi, programu nitaiandika upya ili saa isiweze kupotea tena. Nilisema sana. Tulipovuka daraja la miti karibu na njia ya kwenda Lusangi, akasogeza mdomo sikioni kwangu.

"Karatasi ile uliiona siku gani, baba?"

"Jumatatu."

"Na ulijua kama ni kosa ya saa, siku gani?"

"Jumatano."

Tulipita matope kwanza.

"Siku mbili," akasema. "Ulikuwa unafikiri nini?"

Ningeweza kumwambia habari za sola. Uongo ule nilikuwa nao tayari, nilishautumia. Lakini alikuwa mgongoni mwangu, na nyumba yake ilikuwa nyuma yetu ikiwa haina mtu wa kuifungua, na nikaona kwamba kama ningeuliza swali Jumatatu, mwalimu asingepata siku mbili za kuizungusha karatasi.

"Nilifikiri ni kweli, mama," nikasema.

Nilihisi mikono yake inaachia kiuno changu, mmoja kisha mwingine, akashika chuma cha nyuma cha kufungia mizigo. Mbele kulikuwa na mteremko wa mawe. Nikamwambia anishike, ataanguka.

"Niko muzuri hivi," akasema.